Masizi, Mlio na Mdundo: Kinachobaki kwa Mtoto Aliyepanda Garimoshi la Mvuke

Mabibi na mabwana, wazee wa reli, wazazi, na ninyi wadogo mliokaa mbele,

Mwulizeni mtu mzima yeyote aliyepanda garimoshi la mvuke utotoni anakumbuka nini. Hatataja kipenyo cha silinda. Atataja harufu. Atataja chembe iliyomwingia jichoni, mlio uliomfanya azibe masikio, wingu jeupe lililowameza watu jukwaani, na mdundo wa magurudumu uliomlaza usingizi kabla ya kufika. Sasa itazameni orodha hiyo kwa jicho la fundi. Harufu ni makaa ambayo hayakuungua yakaisha, pamoja na mafuta ya kulainishia yanayochomeka. Chembe ni kaa lililofyonzwa kutoka motoni kabla halijatoa joto lake lote. Mlio ni mvuke unaotupwa nje ukiwa bado na nguvu. Mdundo ni pengo kati ya reli na reli. Karibu kila anachokumbuka mtoto ni hasara, kitu ambacho wahandisi walihangaika kwa zaidi ya karne moja kukipunguza.

Na hasara yenyewe si ndogo. Injini ya mvuke ya kawaida hugeuza kuwa nguvu ya kuvuta takriban asilimia 6 hadi 8 tu ya joto lililomo ndani ya makaa. Nyingine yote hutoka kwa dohani, kwa kuta za boila, kwa majivu na kwa masikio ya abiria. Sisi tunaozitunza injini za zamani tuna kazi ya ajabu kidogo: tunaendesha mashine kwa ufanisi kadiri tuwezavyo, huku tukijua kwamba abiria wetu wadogo wamekuja kwa ajili ya ile sehemu inayopotea. Basi leo tuzipitie hasara hizo, tueleze kila moja inatokea wapi, ipi tuiachie mtoto aifurahie na ipi tuizibe kwa nguvu zetu zote.

Kwanza, historia kwa kifupi. Reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea ni Talyllyn, huko Wales, iliyobeba abiria chini ya wanachama wake kuanzia Mei 1951. Bluebell, kusini mwa Uingereza, ilifuata mwaka 1960. Shirika la reli la Uingereza lilifunga enzi ya mvuke kwenye njia zake kuu Agosti 11, 1968, na injini nyingi zikapelekwa kukatwa vyuma chakavu. Kwenye yadi moja huko Barry, Wales, mwenye yadi alitanguliza kukata mabehewa ya mizigo, injini zikabaki zimepangwa kwenye hewa ya chumvi kwa miaka, na mwishowe 213 zikanunuliwa na kuondolewa. Injini nyingi zinazovuta watoto nchini humo leo zilitoka kwenye kutu ile. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa huko baada ya 1968 kwa kawaida hakuijua injini ya mvuke ya kazi kwenye njia kuu; aliijua iliyotunzwa tu. Kumbukumbu yake ni zao la watu waliopanga awe nayo, na hilo linatupa wajibu ambao dereva wa zamani hakuwa nao.

Twende kazini. Treni ya saa nne asubuhi imeanza jana yake. Injini ya ukubwa wa kati iliyopoa kabisa huhitaji saa 8 hadi 12 ili ipate mvuke wa kutosha bila kuumia, na wengi wetu huwasha moto mdogo siku moja kabla ili boila ilale ikiwa na uvuguvugu. Boila ni mabamba ya chuma, mirija mia na zaidi inayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, na mamia ya nondo fupi zinazozuia kuta za sanduku la moto zisisukumwe na shinikizo. Ukiipasha kwa pupa, juu hutanuka wakati chini bado ni baridi. Mirija huanza kuvuja pale inapoingia kwenye bamba lake, na nondo hukatika moja moja bila kelele. Anayewasha moto mkubwa ili awahi chai analipia miaka kadhaa baadaye, na mara nyingi analipiwa na mwingine.

Kabla ya kiberiti, kuna mambo ambayo hayajadiliwi. Maji yaonekane kwenye kioo cha boila. Reguleta, yaani ile vali inayopeleka mvuke kwenye silinda, iwe imefungwa. Mkono wa kubadilishia mwelekeo uwe katikati. Breki ya mkono iwe imekazwa. Koki za kutolea maji kwenye silinda ziwe wazi. Kisha mtu aingize kichwa na taa ndani ya sanduku la moto atafute alama za maji kwenye mirija, aangalie kama tao la matofali halijadondoka, na kama kizibo cha risasi, ile metali inayoyeyuka upesi, kilichoko kwenye dari hakina dalili ya kuvuja. Kizibo hicho kipo ili maji yakishuka chini ya dari ya sanduku la moto, risasi iyeyuke na mvuke uingie kuupunguza moto na kuwaonya watu. Kikiyeyuka, safari imekwisha na boila inakaguliwa upya.

Moto huanza na kuni kavu na matambara yaliyolowa mafuta, kisha makaa kidogo kidogo. Hapa ndipo panapotoka ule moshi mzito wa alfajiri. Injini inayotembea huvuta hewa kwa mvuke unaorushwa dohani; injini iliyosimama baridi haina cha kuvutia hewa, kwa hiyo moto hupumua kwa shida na makaa hutoa moshi badala ya mwali. Shinikizo likifika kama bar 1.5 au 2 (bar ni kipimo cha shinikizo), kipulizio huanza kufaa: ni pete ya matundu chini ya dohani inayorusha mvuke juu na kuvuta hewa kupitia motoni. Kuanzia hapo moshi hupungua. Mzazi anayeleta mtoto alfajiri kutazama kuwashwa kwa injini na amweke upande upepo unakotoka. Harufu ataipata tu. Hakuna haja ya kuimeza.

Mvuke ukishapanda, kioo cha maji hupimwa kwa vitendo. Funga koki ya juu na ya chini, fungua ya kutolea: kioo kinabaki kitupu. Fungua ya maji peke yake, maji yaruke kwa nguvu, ifunge. Fungua ya mvuke peke yake, mvuke upige. Funga ya kutolea, fungua zote mbili, na maji yarudi juu kwa mrusho mmoja. Yakijivuta polepole, njia imeziba kwa ukoko na kioo hakiaminiki. Boila nyingi zina vioo viwili, na sababu ni hii hii.

Hapo wadogo wetu wasikilize jambo moja, kwa sababu linashangaza hata wakubwa. Mvuke halisi hauonekani. Kwenye shinikizo la bar 10, maji ndani ya boila yana joto la karibu nyuzi 184 za Selsiasi, na kinachotoka pale ni gesi isiyo na rangi. Mkitazama vizuri vali ya usalama ikipiga, mtaona nafasi tupu juu ya mdomo wake kabla weupe haujaanza. Weupe ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa hewani. Hatari iko kwenye ile nafasi tupu. Kwa mantiki hiyo hiyo, asubuhi ya baridi injini huonekana kufanya kazi zaidi kuliko mchana wa joto, ingawa inavuta mabehewa yale yale: hewa baridi hugeuza mvuke kuwa matone upesi na kutengeneza wingu kubwa. Wapiga picha hulijua hilo, ndiyo maana huamka mapema kuliko fundi.

Sasa tuko jukwaani. Filimbi imelia, na kabla injini haijasogea, mvuke unaruka kutoka pembeni chini kwa kishindo. Watoto wengi hulia hapa. Sababu ni hii: silinda zilizosimama hupoa, mvuke wa kwanza ukiingia hugeuka maji, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyasukuma maji hadi mwisho wa silinda, kinachosalimu amri ni kifuniko cha chuma au fimbo ya pistoni. Kwa hiyo dereva hufungua koki chini ya silinda na kuondoka nazo zikiwa wazi kwa mizunguko michache ya magurudumu mpaka mlio uwe mkavu. Hasara hii haiwezi kuondolewa, lakini inaweza kutangazwa. Mlinzi wa jukwaa awaambie wazazi nusu dakika kabla, awasogeze hatua tatu nyuma ya mstari mkabala na silinda, na dereva afungue reguleta taratibu. Mtoto aliyeambiwa wingu linakuja hulisubiri kwa hamu, asiyeambiwa hulikimbia. Tofauti ni sentensi moja, na bado kuna vituo ambavyo sentensi hiyo haisemwi.

Kishindo cha vali ya usalama, kwa upande wetu, kinazuilika. Vali hufunguka shinikizo likizidi kiwango kilichowekwa, na kila sekunde inayopiga inatupa maji na makaa ambayo mtu ameshayapakia kwa beleshi. Ikipiga chini ya paa la stesheni, mtoto aliye mita chache huumia masikio kweli, si kuogopa tu. Mchochea moto mzuri hufika stesheni akiwa na nafasi: maji hayajajaa kwenye kioo, shinikizo liko chini kidogo ya kiwango, moto haukurushiwa makaa mapya dakika za mwisho. Shinikizo likianza kupanda, hufunga milango ya hewa chini ya chaga na kuwasha injekta, ambayo huingiza maji baridi kwenye boila na kulishusha shinikizo. Akifika na kioo kilichojaa na moto mnene, hana pa kukimbilia.

Injekta yenyewe ni kifaa kinachostahili hotuba yake. Haina kitu kinachozunguka. Mvuke hupita kwenye tundu jembamba, hushika mwendo, hukutana na maji ya tangi na kuyasukuma ndani ya boila ile ile ulikotoka. Ikifanya kazi huimba kwa sauti moja nyembamba, na watoto huikumbuka sauti hiyo bila kujua ni ya nini. Ikikataa, humwaga maji kwa bomba la kufurikia. Mara nyingi maji ya tangi yamepata joto mno, au kuna hewa inayoingia kwenye kiungo cha bomba, au uchafu umekaa kwenye tundu. Dawa ya kwanza ni kufunga, kungoja ipoe, kufungua maji kwanza na mvuke baadaye. Injini huwa na njia mbili za kuingiza maji. Zote mbili zikikataa, moto hutolewa au hufunikwa mara moja, abiria watake wasitake.

Treni imeondoka. Mipigo ya dohani ndiyo sauti ambayo kila mtoto huiga kwa mdomo, na inabeba habari nyingi. Injini ya silinda mbili hupiga mara 4 kwa kila mzunguko wa gurudumu la nguvu, maana kila pistoni husukumwa na mvuke mbele na nyuma. Yenye silinda tatu, kwa mpangilio wa kawaida, hupiga mara 6, na kwa sikio husikika kama inakimbia zaidi ya mwendo wake. Chukueni gurudumu la kipenyo cha mita 1.5: mzingo wake ni mita 4.7, kwa hiyo kila mpigo ni kama mita 1.2 za njia. Hesabu mipigo kwa sekunde 10, zidisha kwa 0.42, umepata kilomita kwa saa. Mipigo 24 ni kilomita 10 kwa saa. Ikizidi kilomita 25 hivi huwezi tena kuhesabu kwa mdomo, nasi tutahamia kwenye reli.

Mwanzoni mipigo ni mikali na mizito kwa sababu dereva anaruhusu mvuke uingie silinda kwa kama asilimia 75 ya mwendo wa pistoni. Treni ikishika kasi, huupunguza hadi asilimia 25 au chini, mvuke ukapata nafasi ya kutanuka na kufanya kazi kabla ya kutolewa. Mpigo unalainika. Mtoto husema injini imechoka. Kumbe ndipo inapofanya kazi kwa akili. Mkisikia mipigo minne isiyo sawa, mitatu mizito na mmoja dhaifu, vali hazijapangwa vizuri au pete ya pistoni imepasuka. Mkisikia mvumo wa ghafla wa mipigo mingi, magurudumu yameteleza: reli imelowa, kuna majani au mafuta, au reguleta imefunguliwa kwa papara. Dereva huifunga kwanza, kisha hudondosha mchanga mbele ya magurudumu. Asidondoshe mchanga magurudumu yakiwa bado yanazunguka ovyo, kwani mshiko wa ghafla huweza kupinda fimbo za magurudumu. Watoto hushangilia kuteleza. Sisi hatushangilii, kila mtelezo hula chuma cha gurudumu na reli, na huvuta matundu motoni.

Katika sauti zote, ya Garratt ni ya peke yake. Injini hiyo ina boila moja inayolisha mashine mbili, kila moja na silinda zake mbili, na mashine hizo hazikuunganishwa kwa fimbo. Kwa hiyo mipigo yake hukutana, huachana, kisha hukutana tena, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayalingani kabisa kwa uchakavu. Za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa njia ya upana wa mita moja, zenye uzito wa tani takriban 250 na majina ya milima. Namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Hizo zilichoma mafuta mazito, si makaa, na harufu yake ni nyingine kabisa: chungu, ya kunata kooni, bila ile salfa ya makaa. Injini ya mafuta haitoi chembe za kaa, lakini masizi yake hujaa kwenye mirija, kwa hiyo mchochea moto hutupa mchanga kidogo ndani ya moto injini ikivuta kwa nguvu, mchanga ukafyonzwa na kukwangua mirija. Dohani hutema wingu jeusi la kutisha kwa nusu dakika. Lifanyike porini, mbali na nguo zilizoanikwa.

Tufike kwenye moshi na ile chembe ya jichoni, kwa sababu hapa pana makosa mengi. Moshi mweusi unaoendelea ni kazi mbaya, hata kama umati unapiga makofi. Unasema makaa ni mengi na hewa ni kidogo. Kanuni ni kidogo kidogo na mara kwa mara: mabeleshi matatu au manne yaliyotawanywa pale moto ulipo mweupe, mlango uachwe wazi kidogo kwa nusu dakika ili hewa ya juu iunguze gesi, kisha dohani irudi kuwa na ukungu wa kijivu tu. Injini ya ukubwa wa kati kwenye treni nyepesi hula kilo 10 hadi 15 za makaa kwa kilomita na kunywa karibu lita 100 za maji. Mwali ukizidi kuvutwa mlimani, chembe nyepesi huinuka, hupita kwenye mirija na kuruka. Ndani ya chemba ya moshi kuna wavu wa kuzishika. Ukitoboka, mnaona cheche usiku na nyasi zinazoungua mchana. Kila asubuhi wavu huo ukaguliwe kwa mkono, si kwa kuchungulia.

Kwa mtoto: anayetoa uso dirishani akitazama mbele atapata chembe, hasa kwenye behewa la kwanza na la pili wakati wa kupanda. Miwani ya kawaida ya plastiki husaidia kumkinga. Ikimwingia, asisugue, maana kaa lina makali na hukwaruza jicho. Apepese macho mara nyingi, kisha jicho lioshwe kwa maji safi kutoka upande wa pua kwenda nje. Likiendelea kuwasha au kuona ukungu, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Na kichwa kutoka nje ya dirisha hakuna mjadala: daraja, nguzo na treni nyingine ziko karibu kuliko mtoto anavyodhani. Reli ya Puffing Billy karibu na Melbourne, Australia, imejulikana kwa abiria kukaa kwenye kingo za madirisha miguu ikining'inia nje, raha ya vizazi vingi, na desturi hiyo ikasimamishwa mwaka 2018 baada ya treni kugongana na basi dogo kwenye makutano ya barabara. Kumbukumbu tamu haithibitishi kwamba jambo lilikuwa salama.

Handaki nalo. Madirisha yafungwe kabla ya kuingia, na mtu apite behewani kulisema. Mchochea moto awe ametayarisha moto kabla, asitie makaa ndani. Kipulizio kiwashwe kabla ya mdomo wa handaki: dereva akifunga reguleta bila kipulizio, hewa ya handaki hushuka kupitia dohani na mwali hutoka kwa mlango wa moto hadi miguuni mwa watu wawili wasio na pa kwenda.

Ndani ya behewa mambo ni matulivu zaidi, na mdundo ndio mfalme. Reli zilizoungwa kwa vipande huachiwa pengo kwa sababu chuma hutanuka: kipande cha mita 18, joto likipanda nyuzi 30, huongezeka kama milimita 6. Gurudumu likivuka pengo hupiga. Behewa la kawaida lina bogi mbili, yaani vigari vya magurudumu vilivyo chini yake, kila moja na ekseli mbili, ndiyo maana mnasikia mpigo wa pamoja, kimya kifupi, mwingine wa pamoja. Mpeni mtoto kazi: ahesabu mipigo ya bogi iliyo chini yake tu kwa sekunde 65, kila mpigo wa pamoja akiuhesabu mmoja. Kwenye reli za mita 18, idadi atakayopata ndiyo kilomita kwa saa. Zikiwa za mita 12, ahesabu kwa sekunde 43. Reli nyingi za urithi Uingereza zimewekewa ukomo wa maili 25 kwa saa, yaani karibu 40, basi akipata 60 aidha amehesabu bogi mbili au dereva ana maelezo ya kutoa. Mtoto wa miaka saba aliyefanya hesabu hii mara moja haisahau, na haidai simu.

Kwenye nchi za baridi kuna harufu nyingine: vumbi la viti vya sufu likipashwa na mabomba ya mvuke chini ya kiti. Mvuke huo hutoka injini kwa mipira kati ya mabehewa, ukipunguzwa hadi bar 2 au 3. Behewa la mwisho huchelewa kupata joto kwa sababu maji ya mvuke uliopoa hukaa kwenye sehemu za chini za bomba, kwa hiyo lianze kupashwa mapema, si abiria wakishaketi.

Mkitaka kukaa vizuri: behewa la kwanza ni la masikio, la tatu au la nne ni la macho. Kwenye kona, kaeni upande wa ndani ili muone injini ikipinda mbele yenu. Na mkifika mwisho wa njia, msikimbilie kinywaji. Kuna onyesho bora kuliko safari yenyewe: injini inahamia upande wa pili wa treni. Breki ya mkono kwenye mabehewa hukazwa kwanza. Msaidizi hushuka kati ya injini na behewa baada tu ya kukubaliana kwa ishara na dereva kwamba treni haitasogea, hutenganisha mipira ya breki na ya joto, hulegeza na kung'oa kiungo. Injini husonga mbele, swichi hubadilishwa, hupita kando, hurudi. Akiunganisha, hujaribiwa breki hadi behewa la mwisho kabla ya kuondoka. Mwekeni mtoto jukwaani aone mikono, bila kuvuka mstari. Huko Budapest, reli ya watoto iliyoanza 1948 imekwenda mbali zaidi: watoto wa miaka 10 hadi 14 ndio wanaokata tiketi, kupanga swichi na kutoa ishara, chini ya uangalizi wa wakubwa, kuendesha injini pekee ndiko kulikoachiwa wazima. Kwa maoni yetu hilo linazidi zawadi yoyote ya duka la stesheni.

Harufu moja tu tunaiomba isiwe kumbukumbu ya mtu: mafuta yanayoungua pamoja na chuma cha moto, karibu na gurudumu. Hiyo ni kasha la ekseli lililoishiwa mafuta. Mafuta hufikishwa kwenye ekseli kwa tambi za sufu, na tambi ikikauka, ikiwekwa fupi, au maji yakiingia kwenye kasha, metali nyeupe inayobeba ekseli huyeyuka. Kila kituo, fundi apitishe mgongo wa mkono karibu na kila kasha. Abiria akisema ananusa kitu, aaminiwe kwanza.

Yako mawili ambayo wazazi hutuuliza. Kwanza, kwa nini injini aliyoipenda mtoto haipo mwaka huu? Uingereza, kwa kawaida, baada ya miaka 10 boila hutolewa mirija, hukaguliwa, hupimwa kwa maji ya shinikizo kisha kwa mvuke, na kazi hiyo huweza kuchukua miaka. Injini haijafa, iko karakana vipande vipande. Reli zinazoruhusu watoto waione katika hali hiyo zinafanya vizuri kuliko zinazoificha nyuma ya turubai. Pili, kwa nini harufu imebadilika? Mgodi wa Ffos-y-fran huko Wales, uliokuwa ukizipa reli nyingi makaa yenye moshi mdogo, ulifungwa mwishoni mwa 2023. Sasa yanachomwa makaa kutoka nchi za mbali na matofali ya makaa yaliyotengenezwa kiwandani, na kila moja lina mwali wake, majivu yake na harufu yake. Mchochea moto amelazimika kujifunza upya unene wa moto. Watoto wa leo watakumbuka harufu ambayo babu zao hawakuijua.

La mwisho ni kwa wazazi wanaopiga picha. Picha ya dohani na moshi haitamsaidia mtoto kuipata injini yake miaka thelathini ijayo. Andikeni tarehe, njia, namba iliyopakwa ubavuni, na namba ya kiwanda iliyo kwenye kibao cha shaba, kwa maana namba za ubavuni hubadilika. Flying Scotsman, injini maarufu ya Uingereza iliyojengwa Doncaster mwaka 1923, ilianza kama 1472, ikawa 4472, ikapitia 502 na 103, na ikafikia 60103. Rangi na boila navyo vikabadilishwa njiani. Dereva akiruhusu, tazameni pia fimbo za magurudumu: zimepigwa muhuri wa namba ya injini, na mara nyingine ni namba ya injini nyingine, iliyotoa fimbo hiyo ikabaki yadini. Andikeni zote mbili. Sasa tupokee maswali, tuanze na waliokaa mbele.